Sura Niliyompa Bati

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua hakikusumbui tena, na lile goti limeanza kuwa na adabu. Sisi huku hatujambo, kwa kusema tu. Mama anakusalimu sana. Macho yake yamezidi kufifia lakini ulimi uko palepale. Juzi alimwambia daktari wa macho kwamba kama dawa yenyewe inamtoa kwenye ukungu mweusi na kumwingiza kwenye ukungu mweupe, basi abaki nayo, amtilie mkewe. Mimi nipo. Nakula, nalala kidogo.

Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, ila mwandiko wangu unaujua na najua umeshaona herufi zinavyokimbizana. Nisikuzungushe. Mpole ametoka jela. Huu ni mwezi wa tatu yuko nje, na nimemwona kwa macho yangu, karibu kama ninavyoiona karatasi hii. Tafadhali isome barua yote ukiwa umesimama, kisha ufanye nitakachokuomba. Ukiona nachelewa kufika kwenye jambo lenyewe, nivumilie. Ni woga, na pia ni aibu. Naandikia kwenye chumba cha kuoshea brashi hapa kazini, nimeegemeza kiti mlangoni, na kila mtu akipita kwenye korido kalamu inasimama yenyewe.

Wewe uliyemwendesha Mpole garini miaka minne huhitaji kuambiwa yeye ni nani. Ila mimi siku hizi ile kesi inanijia hata nikiwa napiga mswaki. Nakumbuka ulivyosimama mahakamani ukaeleza jinsi karani wake alivyoingia ghalani akitembea kwa miguu yake, akatolewa amefungwa ndani ya turubai. Mimi na Mama tulikuwa benchi la nyuma, Mama amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mashahidi mlikuwa wawili, wewe na mlinzi wa ghala. Mlinzi hakuishi miaka miwili baada ya kesi. Ndiyo maana ukahama, ukabadili jina, ukatuachia masharti: barua mbili kwa mwaka zipitie kwa mama mshonaji jirani yako, simu hapana, na mtu wa nyumbani asikanyage huko kwa lolote lile. Ningependa niandike hapa kwamba masharti hayo nimeyashika miaka yote tisa.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu juujuu kwamba nachora katuni za watoto. Nilikuficha. Ninachora Bati. Kama hujawahi kumsikia, basi wewe ndiye pekee uliyebaki. Bati ni roboti aliyeundwa kwa umbo la mtu, ngozi juu, chuma chini, anayeokoa watu kwenye majengo yanayoporomoka na moto wa viwandani. Watoto wanampenda kwa sababu hawezi kusema uongo. Adui akimuuliza kitu anajibu ukweli, anapigwa, anaanguka, anasimama tena. Vitabu vyake vimefika arobaini na mbili.

Nilipoanza kazi hii mhariri wetu mkuu, tunayemwita Miwani, alinipa siku mbili nilete uso wa huyo shujaa. Huku kwetu kuna kitu kinaitwa karatasi ya kichwa. Unachora kichwa cha mhusika kutoka mbele, ubavuni, kisogoni, juu na chini, ili mchoraji yeyote atakayeshika kalamu baada yako asikosee hata tundu la pua. Siku ya pili mchana karatasi yangu ilikuwa bado nyeupe. Ulikuwa umeondoka miezi sita tu, na uso pekee ambao mkono wangu uliujua pande zote tano ulikuwa wako. Nikakuchora. Lile kovu la kwenye nyusi ya kushoto, nililokupa mimi mwenyewe kwa kifuniko cha sufuria, nikaligeuza kuwa mshono wa kulehemu. Miwani akaitazama karatasi muda mrefu, akasema uso huu mtu anaweza kuuamini.

Niliogopa kidogo wakati ule, sikatai. Nikajipoza kwamba watu wazima hawasomi katuni, tena roboti hazeeki. Bati alibaki na miaka ishirini na nane, na wewe huko ulikuwa unaongeza umri kama binadamu wengine. Kila mwaka uliopita nilijiambia sasa mmezidi kuachana, hata mkipita njia moja hakuna wa kuwafananisha. Nilijiona mjanja kweli.

Mwaka jana wakaja watu wa filamu. Hawakumtaka Bati kijana. Walitaka Bati aliyepotea miaka mingi, ngozi imechakaa, betri inakaribia kwisha, amejificha kwenye mji mdogo anatengeneza vitu vya watu na hakuna anayemjua, mpaka siku adui wake wa zamani anamfuata hukohuko. Filamu itoke pamoja na kitabu, na sura na mahali nichore mimi. Nikachora. Fundi wa sura za bandia akaufinyanga uso ule kwa mpira, kunyanzi kwa kunyanzi, mwigizaji akavishwa. Siku ya onyesho la kwanza, Kaka, uso ule ulipogeuka kwenye skrini, mkubwa kama nyumba, una mvi juu ya masikio na macho ya mtu aliyechoka, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi nilizama kwenye kiti nikawa natafuta mlango uko wapi. Sasa uko kwenye kuta za mji mzima na ubavuni mwa mabasi. Pale dukani tunaponunua sabuni wamesimamisha wewe wa karatasi ngumu, urefu wa mtu, na Mama hukupita kila siku akipapasa njia kwa fimbo.

Na maficho yake nimeyachora hivi: kibanda cha fundi wa kutengeneza cherehani chini ya ngazi za nje za jengo la ghorofa mbili, mlango wa buluu, kipandio cha tatu kimevunjika upande wa kulia, na kibao cha juu kimepoteza herufi moja. Najua hapo umeinua kichwa ukatazama huku na huku, maana ndimo ulimo unaposoma. Utajiuliza nimejuaje. Nitakwambia. Niache kwanza nikueleze alivyonijia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye duka la vitabu nasaini nakala, mchana kweupe, foleni ya watoto na wazazi imetoka hadi barabarani. Nisikufiche, nilikuwa nimevimba kichwa. Kitabu kikawekwa mezani, nami bila kuinua macho nikauliza niandike kwa jina gani, kama nilivyowauliza wote. Sikusikia jibu, nikainama mbele nisikie vizuri. Nilipokuwa nimeinama hivyo ndipo nilipomjua, kwa sababu unakumbuka anavyozungumza, chinichini, hadi hakimu mwenyewe alikuwa akimwinamia. Amekonda. Shati lake lilikuwa safi, limepigwa pasi. Aliniambia kitabu amekimaliza na filamu ameiona mara tatu. Kisha akafungua ukurasa wa thelathini na moja, akaweka kidole juu ya kile kipandio, akasema mtu anaweza kubuni roboti, lakini kipandio kilichovunjika namna hii lazima aliwahi kukiona. Akaniuliza ni mji gani.

Nikamjibu nimebuni. Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Hakukasirika, alitabasamu tu, akaniomba nimwandikie kwamba kitabu hiki ni cha rafiki wa zamani wa kaka yangu. Nami nikaandika, Kaka! Nyuma yake kulikuwa na watoto wanasukumana, Miwani yuko pembeni anachekelea mauzo, na mimi nikaandika neno kwa neno, nikatia sahihi, nikachora na kijichwa cha Bati pembeni kama nilivyozoea. Nimemchorea uso wako kwa mkono wangu, akapuliza wino ukauke, akashukuru, akaenda zake.

Jumatatu nikapiga moyo konde nikaenda polisi. Ofisa wa zamu alinisikiliza vizuri sana. Akaniuliza huyo bwana alinitisha kwa maneno gani, nikasema hakunitisha. Akauliza kama aliiba kitabu, nikasema alikinunua. Akafunga daftari lake, akatoa nakala kwenye droo, akaniomba nimsainie ya binti yake. Nikasaini.

Sasa sikiliza la jana. Hapa ofisini, pale mapokezi, kuna ubao wa barua za watoto. Miwani huzibandika pamoja na bahasha zake ili wageni waone tunasomwa hadi wapi. Wiki mbili zilizopita ilikuja barua ya mwanafunzi wa darasa la nne. Aliandika kwamba yeye na wenzake wameshapajua Bati anapojificha, ni jirani na shule yao, na fundi wa hapo amefanana naye mpaka ule mshono wa nyusi, na wakipita wanamwita Bati, naye anawatupia vipande vya chaki ya kushonea huku akicheka. Nilipoisoma niliirudia tangu mwanzo, kwa sababu katika barua yako ya mwisho ulinitania kwamba watoto wa huko wamekubandika jina la Bati na hujui kwa nini, labda ni kwa ajili ya paa lako lenye kutu. Kumbe wewe ulikuwa unacheka na mimi ndiye niliyekuchongea.

Miwani aliifurahia barua ile kupita kiasi, akataka hata kumtuma mpiga picha. Mimi nikajikaza kisabuni, nikacheka na wenzangu, nikasema watoto bwana, wanaweza kumwona Bati hata kwenye birika. Mpiga picha akaahirishwa. Nikapanga kuichomoa ile barua ubaoni, lakini kila nikishuka kuna mtu pale, na mimi nikaogopa kuulizwa naitakia nini. Siku zikapita hivyohivyo, siku kumi na nne nzima, kwa kuogopa swali moja la dada wa mapokezi. Jana dada huyohuyo akaniambia asubuhi alikuja mzee mmoja mstaarabu ajabu, hakutaka kumwona mtu yeyote, alisimama tu kusoma barua za watoto, akaaga kwa sauti ya chini, akaondoka. Aliisifu adabu yake mpaka nikatamani kumziba mdomo. Nikageuka kutazama ubao. Pini nne zilikuwa zimerudishwa, zimepangwa mstari mmoja. Barua haipo, na bahasha yenye muhuri wa posta ya mji wenu haipo.

Kaka, sasa nimefika pale ninapopaogopa kuliko hata Mpole. Mimi nilikuja huko.

Ilikuwa mwaka jana. Mama aliniambia ameanza kukusahau uso. Alisema sauti anaikumbuka, hata mlio wa viatu vyako anaukumbuka, ila akitafuta uso haumjii, na kabla macho hayajafunga kabisa anataka auone mara moja tu, wa sasa, siyo wa kwenye picha za zamani. Aliomba kama mtoto anavyoomba maji. Nikamwandikia mama mshonaji anielekeze. Usimlaumu, nilimdanganya kwamba umeniita mwenyewe. Nikapanda basi la alfajiri, nikakaa ng'ambo ya barabara kwenye benchi la kinyozi, nikafungua daftari langu la michoro magotini. Nilikaa kwa saa tatu. Ulitoka ukasuuza kikombe, maji ukayamwagia lile ua lililo ndani ya kopo. Ulijinyoosha mgongo ukishika kiuno, vilevile kama marehemu Baba. Alikuja mwanamke na cherehani begani ukampokea mzigo kabla hajasema kitu. Una mvi, Kaka. Nilitaka kukuita, nikajiziba mdomo kwa kofia, nikalia humohumo kwenye kofia, kinyozi akadhani naumwa jino. Kisha nikachora. Uso, mikono, mlango, ngazi, kibao, kila kitu. Nilipomletea Mama aliishika karatasi karibu na pua, akaitazama mpaka mwanga wa dirishani ukaisha, akasema kumbe umekuwa mtu mzima.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimevunja masharti yako kwa ajili ya Mama, na nakujua, ungenigombeza kisha ungenisamehe. Sikuishia hapo. Watu wa filamu walikuwa wameshazikataa nyuso zangu nne za Bati mzee, wanasema hazina uhai, wanaanza kutaja mchoraji mwingine. Zilibaki siku mbili. Nikalifungua lile daftari. Asikwambie mtu kwamba nilisahau au sikufikiria. Nilifikiria. Nilisema nitahamisha mlango, nitaweka ngazi nzima, nitambadilishia kazi awe fundi redio. Nikajaribu kweli, na kila nilipobadilisha mchoro ulipooza, nikakirudisha kitu mahali pake. Nilirudisha mlango, nikarudisha kipandio, mwisho nikarudisha hata kile kikombe. Nilitaka waseme ni nzuri. Wakasema ni nzuri, wakasimama kunipigia makofi, na mimi nikayapenda yale makofi. Huo ndio ukweli wangu wote, na sina wa kumtupia lawama. Nilijua ni wewe, nikakutoa.

Sikuombi msamaha leo kwa sababu hakuna muda wa kuombana msamaha. Katika vitabu vyangu Bati amepigwa risasi mara kumi na moja, na kila mara nimemwinua ukurasa unaofuata. Wewe huna vipuri. Ondoka leo, Kaka, ukimaliza mstari wa mwisho wa barua hii. Cherehani za watu mwachie mama mshonaji, atazigawa. Usipitie kituo cha mabasi. Nyoa nywele zote, vaa miwani hata kama macho yako ni mazima, na huko uendako usishike tena cherehani, tafuta kazi usiyoijua. Na ikitokea kabla hujatoka akaja mteja mstaarabu, anayezungumza chini mpaka inakubidi usogee umsikie, usisogee. Toka kwa dirisha la nyuma, ukimbie, goti litajijua.

Ningekuja mwenyewe kukuvuta mkono. Lakini tangu jana mchana kuna gari jeupe limeegeshwa mbele ya ofisi na sijaona mtu akishuka. Huenda si lake. Huenda ameshafika huko na mimi naogopa gari la muuza vitambaa wa hapa jirani. Lakini kama bado anautafuta mlango wako, basi nikija nitakuwa nimemshika mkono nikampeleka. Kwa hiyo barua naitoa kwa dereva wa lori la karatasi, ambaye atapita mjini kwenu leo kabla ya jua kuzama. Hajui amebeba nini, nimemwambia amfikishie mama mshonaji, ni vipimo vya gauni la harusi. Mpole ametangulia kwa siku moja na usiku mmoja. Nimepiga hesabu hiyo tangu asubuhi na kila nikiirudia haipungui.

Jambo la mwisho, na hili unisikilize kuliko yote. Ukifika huko, usiniandikie. Usimwandikie Mama, wala mama mshonaji, na mimi zaidi ya wote. Usinitumie hata karatasi tupu ya kuonyesha upo. Mkono wangu siuamini tena. Nikijua una dirisha, ipo siku nitalichora hilo dirisha. Mama nitamwambia hujambo. Akiniuliza mwakani nitamwambia hujambo, na mwaka utakaofuata vilevile, na mimi mwenyewe sitajua kama namdanganya.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Nami nakusalimu, Kaka, na nakuaga. Kama umefika hadi hapa na ni wewe unayesoma, usiikunje barua. Iache mezani, uende.

Ni mimi,
mdogo wako.